Kompyuta inanguruma, inaganda au inajizima: kusaka vumbi kwenye mashine ya nyumbani

Dodoma mvua zikishakatika mwezi wa tano, kinachofuata ni kiangazi mpaka Desemba. Agosti upepo unapokaza, kwenye mitaa mipya ya pembezoni ambako barabara bado ni udongo mtupu, meza uliyoifuta asubuhi jioni unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Kisha zinaingia Oktoba na Novemba, joto la mchana linafika nyuzi 30 na kuzidi, na hapo ndipo kompyuta za majumbani zinapoanza kusumbua. Moja inanguruma, nyingine inaganda kila ikifika saa nane mchana, nyingine inajizima katikati ya kazi.

Malalamiko yote hayo watu huyaita vumbi. Mara nyingi ni kweli, lakini si mara zote, na ukikosea chanzo utanunua feni kumbe tatizo lilikuwa pesti (krimu ya kupitishia joto juu ya chipu kuu) iliyokauka, au utapuliza vumbi wiki nzima kumbe pawa saplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) ndiyo inayokufa. Vumbi lenyewe haliunguzi kitu. Linaziba njia ya hewa, na mashine inaumizwa na joto lisilopata pa kutokea. Kwa hiyo ninapoletewa mashine sianzi kwa kuangalia imechafuka kiasi gani. Ninaanza kwa kuuliza hewa inaingilia wapi, inapitia wapi, na imekwama wapi. Nimeshaona kisanduku cha kompyuta chekundu kwa udongo kote kote na mashine inafanya kazi vizuri kabisa, na laptopu inayong'aa kwa usafi ambayo ndani hewa haipiti hata kidogo.

Isome mashine kabla ya kushika bisibisi

Weka programu ya kuonyesha joto la prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta. HWMonitor na Core Temp ni za bure na zinatosha. Kama Windows haikai muda wa kutosha, ingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), kwenye ukurasa unaoonyesha joto na mwendo wa feni, uiache hapo uitazame.

Mashine ikiwa imetulia, nyuzi 35 hadi 50 si kitu cha kukutia wasiwasi kwenye chumba chenye joto la kwetu. Ikiwa kazini, 60 hadi 80 na kidogo ni kawaida. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa mpaka wa karibu nyuzi 100, na nyingi za AMD zina mpaka ulio chini kidogo ya hapo. Ukiona 90 na zaidi kwa kazi ya kawaida ya ofisini, kuna kitu kimeziba au kimelegea.

Tazama pia joto linavyopanda. Fungua kazi nzito, kama video kubwa au mchezo, ukodolee namba. Ikiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, hewa si tatizo la kwanza. Prosesa na hitisinki (chuma cha kuipoza) hazigusani vizuri, maana yake pesti imekauka au pini moja ya hitisinki imechomoka. Lakini kama inapanda taratibu, dakika kumi, dakika kumi na tano, na haitaki kushuka, hapo hewa imezibwa, na aliyeziba ni vumbi.

Weka na kiganja pale hewa inapotokea. Hewa ya moto sana inayotoka kwa kusuasua ni dalili ya kuziba kwa mapezi, vibati vyembamba vya hitisinki ambamo hewa hupita. Hewa ikitoka kwa nguvu nayo ni ya vuguvugu tu, huku programu inasema prosesa ina 95, rudi kwenye pesti. Vipimo hivi viwili havikugharimu hata shilingi, na vinakuambia sehemu kubwa ya unachohitaji kujua kabla hujalegeza skrubu ya kwanza.

Inanguruma

Kuna kelele za aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mvumo mkubwa wa hewa unaopanda na kushuka kulingana na kazi. Feni ni nzima, inazunguka kwa kasi kwa sababu imeambiwa prosesa ina joto. Ukibadilisha feni hujatibu kitu, safisha mapezi.

Ya pili ni kukwaruza, kugonga au kutetemeka, hasa asubuhi mashine inapowashwa, kisha kelele inapungua ikishapata moto. Hiyo ni beringi. Vumbi laini limeingia kwenye ekseli, likanyonya mafuta yaliyokuwamo, likayafanya matope. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, zungusha feni kwa kidole. Feni nzima huzunguka kidogo kisha inasimama taratibu. Feni iliyochoka husimama papo hapo, au panga zake hucheza ukizisukuma pembeni.

Kwa feni za bei ya chini zenye beringi ya kawaida, bandua stika iliyo katikati upande wa nyuma, na kama kuna kifuniko kidogo cha mpira kitoe, weka tone moja la mafuta ya cherehani, uizungushe, ufute yaliyomwagika, urudishe stika. Mafuta ya kupikia usiweke kabisa, yataganda na kunata. Hata mafuta ya cherehani yenyewe hukununulia miezi tu. Feni ikishaanza kukwaruza tafuta nyingine ya kipimo kilekile na idadi ileile ya pini kwenye plagi yake.

Ukiwasha ukakuta mashine imesimama na maandishi ya "CPU fan error", au laptopu ya HP inakuandikia 90B, usibonyeze kitufe ili uendelee kama hakuna kilichotokea. Mashine inakuambia feni haizunguki. Wakati mwingine ni donge la vumbi au uzi wa pazia ulioshika panga.

Inakuwa nzito mchana, asubuhi inakimbia

Hili ndilo linalowapeleka wengi kufuta Windows na kuweka upya bila sababu. Prosesa ikikaribia mpaka wake wa joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wewe unaona kompyuta imekuwa goigoi, unaisingizia virusi.

Hitisinki haiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 22 asubuhi na 31 mchana, prosesa nayo inapanda kwa karibu tofauti hiyohiyo. Mashine safi ina nafasi ya kubeba ongezeko hilo. Mashine iliyoziba ilishakula nafasi yake yote, ndiyo maana inakwama saa nane mchana na saa mbili usiku inarudi kuwa nzima.

Kwenye laptopu uchafu unajificha mahali ambapo hutauona kwa kuchungulia kwenye matundu. Feni husukuma hewa kupitia mapezi membamba ya shaba au aluminiamu, na vumbi, nywele na nyuzi za shuka hujikusanya upande wa ndani, kati ya feni na mapezi. Ukifungua kifuniko cha feni unakuta tabaka la kijivu lililoshikamana, nene kiasi kwamba unalibandua kwa kibano likatoka kipande kimoja, na upande wake mmoja umebaki na mistari ya mapezi. Kupuliza kutoka nje hulisukuma tu tabaka hilo lirudi kwenye feni, nalo kesho linarudi pale pale. Laptopu ya hivyo lazima ifunguliwe. Anayetumia laptopu kitandani au juu ya zulia asishangae kulikuta mapema kuliko mwenzake.

Kwenye kompyuta ya mezani mambo ni mepesi. Fungua ubavu, toa feni iliyo juu ya hitisinki, angalia mapezi yaliyo chini yake. Hapo ndipo hewa ilipokwama, hata kama sehemu nyingine zote ni safi.

Inajizima yenyewe

Hapa nenda polepole, maana joto, pawa saplai na umeme wa nyumba vyote huleta dalili moja.

Joto lina tabia yake. Mashine inajizima ikiwa kazini, ukiiwasha hapo hapo inajizima tena mapema zaidi, ukiiacha ipumzike nusu saa inakaa muda mrefu. Mashine za Dell nyingi hukuandikia ukiwasha kwamba zilizimika kwa sababu ya joto. Ili kuhakikisha, ingia BIOS uiache. Ikijizima ukiwa umeikodolea namba ya joto ikipanda, umepata jibu.

Pawa saplai haifuati mpangilio huo. Inaweza kuzima mashine ikiwa ya baridi kabisa, kugoma kuwaka mpaka uchomoe waya na kusubiri, au kutoa harufu ya kuungua. Umeme wa nyumba nao unajulikana: taa zinafifia, friji la jirani linaanza, mashine inajiwasha upya. Mwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) nzima ajaribu kupitia hiyo.

Ukifungua kumbukumbu za matukio za Windows (Event Viewer) utakuta tukio la Kernel-Power namba 41, na wengi hudhani ndilo jibu. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Haisemi nani aliizima.

Inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hili hutokea sana baada ya mashine kuhamishwa nyumba au baada ya mtu kuipuliza vumbi kwa pupa. Mara nyingi vumbi limeingia kati ya kadi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na tundu lake, au kadi imesogea. Baadhi ya mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) hupiga mlio wa kurudiarudia, nyingine hukaa kimya.

Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Fungua vishikio vya pembeni, toa RAM kwa kushika kingo. Tazama meno yake ya rangi ya dhahabu kwenye mwanga. Yakiwa na ukungu au madoa meusi, yasugue polepole kwa ufutio laini mweupe wa penseli, kwenda upande mmoja, juu kuelekea chini, mpaka yang'ae. Pangusa mabaki yote ya ufutio kabla ya kurudisha, maana yenyewe ni uchafu mwingine. Puliza tundu. Rudisha ukisukuma pande zote mbili kwa nguvu sawa mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Kama kuna RAM mbili, jaribu moja moja. Kadi ya picha, kama ipo, ifanyie vivyo hivyo.

Walioko Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja waangalie zaidi hapa. Hewa ya bahari ina chumvi, na vumbi lenye chumvi hushika unyevu likala metali. Ukiona ukijani kwenye meno au kwenye vichwa vya skrubu, ufutio pekee hautoshi. Tumia spiriti kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, uache ikauke kabisa.

Madogo yanayosumbua bila kuua

Mshale wa maus unaruka: geuza maus, kuna unywele au vumbi kwenye kioo kidogo cha chini, litoe kwa pamba ya masikioni. Kibodi ina herufi zisizoshika: igeuze kifudifudi, igonge, ipulize. Tundu la USB linashika na kuachia: mashine ikiwa imezimwa, toa uchafu kwa kijiti cha meno cha mti, usitumie sindano wala pini.

Diski ngumu (hard disk) inayotoa mlio wa tik-tik haina tatizo la vumbi, na usiifungue kuitazama. Nakili kazi zako leo. Saa inayorudi nyuma kila ukiwasha nayo si vumbi, ni betri ya CR2032 kwenye mazabodi.

Mvua za kwanza

Desemba ina hatari ambayo watu wengi hawaitegemei. Vumbi la miezi saba limekaa ndani likiwa kavu, mvua inapiga, hewa inajaa unyevu, na lile vumbi linaunyonya. Vumbi kavu halipitishi umeme kirahisi. Likilowa linaweza kupitisha, na mahali pabaya kuliko pote ni ndani ya pawa saplai, ambako umeme wa volti 230 hugeuzwa kuwa zaidi ya volti 300. Mtu anawasha mashine asubuhi ya baridi baada ya mvua ya usiku, anasikia mlio mmoja, fyuzi imekwenda. Safisha Novemba, kabla mvua hazijaanza. Ukiwa na nafasi ya kusafisha mara moja tu kwa mwaka, chagua mwezi huo.

Pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake hubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Isafishe kwa nje, kwa kupuliza kupitia matundu yake, na ikiwa ndani imeshonana na matope ya vumbi, mpe fundi wa umeme au ibadilishe.

Kusafisha bila kuongeza hasara

Mashine nyingi zinazokufa kwa "vumbi" zimeuawa siku ya kusafishwa, na hilo linaniuma kwa sababu linazuilika.

Toka nje, barazani au chini ya mti, vinginevyo vumbi linarudi chumbani likusubiri. Chomoa nyaya zote. Gusa chuma kisichopakwa rangi cha kisanduku kabla ya kugusa kitu kingine, na urudie kila baada ya muda. Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu, na ukivaa nguo za nailoni mwili unabeba chaji inayoweza kuua RAM bila wewe kuhisi chochote.

Tumia brashi laini ya rangi, mpya, yenye nywele asilia, na blowa ndogo ya umeme kwa umbali wa sentimita kama 20. Kabla ya kupuliza feni, izuie kwa kidole au kijiti. Ikiachwa izunguke kwa upepo wa blowa hupita kasi iliyotengenezewa, beringi zinaumia, na mota yake inaweza kugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye mazabodi. Kopo la hewa lishike wima, ukiliinamisha litatema kimiminika cha baridi kali.

Kompresa ya gereji ya matairi achana nayo. Ina mgandamizo mkubwa mno na inatema maji na mafuta kwenye hewa yake. Mashine ya kunyonya vumbi ya zulia nayo usiiingize ndani ya kisanduku, bomba lake la plastiki hutengeneza chaji. Kitambaa kibichi kifute kisanduku kwa nje tu.

Mashine iliyokaa karibu na jiko la mkaa, au kwenye chumba kinachochomwa dawa ya mbu kila usiku, ina vumbi lenye ukungu wa mafuta. Hilo halipulizwi likaondoka, lilegeze kwa brashi kwanza.

Pesti ikiwa imekuwa unga, futa yote kwa spiriti na weka mpya, kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa, hitisinki itaitandaza yenyewe. Kwenye AMD za pini, washa mashine dakika kumi ipate moto, izime, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukiivuta ikiwa baridi, prosesa inaweza kung'oka nayo kutoka kwenye soketi na kupinda pini. Kwenye Intel zenye hitisinki ya kubonyeza, hakikisha pini zote nne zimelia "tak" na zimetokeza upande wa pili wa mazabodi.

Kulipunguzia vumbi njia

Inua kisanduku sentimita 30 au zaidi kutoka sakafuni, kiwe mbali na mlango na dirisha la upande wa upepo. Chumba kipigwe deki, au kinyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, na mashine iwe imezimwa wakati huo. Wavu wa mbu dirishani huhifadhi vumbi la wiki nzima na kulimwaga ndani upepo ukivuma, uoshe.

Usiache ubavu wazi huku feni la mezani linapuliza ndani. Joto litashuka leo, lakini umeajiri feni kubwa kukuletea vumbi. Ziba nafasi za kadi zilizo wazi nyuma ya kisanduku. Kwenye tundu la mbele hewa inapoingilia unaweza kuvuta kipande cha soksi ndefu ya nailoni, tabaka moja tu, na ukioshe kila wiki ya kiangazi. Kama huna uhakika wa kukiosha, usikiweke, kikijaa ni ukuta. Mwenye feni mbili au zaidi afanye zinazoingiza hewa zizidi kidogo zinazotoa, ili hewa ya ndani isukume vumbi nje kwenye nyufa badala ya kulivuta ndani.

Kitambaa cha kufunika ni kizuri, ila funika mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Iliyolala tu bado inatoa joto.

Ukimaliza kusafisha, pima joto mashine ikiwa imetulia na ikiwa kazini, andika namba zote mbili pamoja na tarehe na saa kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, ukibandike ndani ya ubavu. Pima tena kila mwezi, saa ileile ya mchana na kwa kazi ileile. Namba ya kazini ikizidi ya mwanzo kwa nyuzi 10 na joto la chumba halijabadilika, fungua tena, hata kama bado haijanguruma.